Mgonjwa mwembamba na sindano ya msuli: shika kwanza, choma baadaye

Saa kumi na mbili asubuhi. Uko wodini, trei mkononi, na zamu inakaribia kwisha. Kitanda cha nne amelala mzee wa kilo 41. Chati yake inasema diklofenaki miligramu 75, kwenye msuli. Unafunua shuka. Tako halipo. Kuna ngozi iliyolegea, kuna mfupa wa nyonga uliochomoza, na kati yake kishimo. Utachoma wapi?

Hapo ndipo wengi wetu tunateleza, kwa sababu mkono umeshazoea. Tulifundishwa robo ya juu ya nje ya tako, tukachoma hapo mara nyingi hadi hatuangalii tena. Kwa mtu mwenye nyama, mara nyingi mambo hupita salama. Kwa mtu aliyekonda, mazoea hayo hayo yanaweza kumwachia mguu usionyanyuka.

Kwa hiyo leo tubadilishe mpangilio. Usianze na bomba. Anza na mkono wako mtupu.

Kabla ya trei

Uliza kwanza kama sindano ni lazima. Mzee huyu anakunywa uji? Basi huenda anaweza kumeza kidonge. Ana kanula inayopitisha vizuri? Huenda ipo dawa nyingine ya maumivu inayopita kwenye mshipa. Mpigie aliyeandika dawa umweleze unachokiona: "Daktari, mgonjwa huyu hana msuli, tunaweza kubadilisha njia?" Swali hilo huchukua dakika moja.

Ndugu wa mgonjwa watakuambia sindano ndiyo dawa yenyewe. Waeleweshe kwa upole, lakini wasikupangie njia.

Na wewe usibadilishe njia kwa uamuzi wako. Benzathini penisilini ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua. Seftriaksoni iliyochanganywa na lignokeini ni ya msuli tu, haipiti kwenye kanula hata kidogo.

Mpime uzito leo. Mgonjwa anayekonda anapungua kila wiki, na kadi ya mwezi uliopita inakudanganya. Kama dozi inahesabiwa kwa kilo, hesabu kwa kilo za leo.

Angalia pia kama damu inazunguka vizuri. Mikono na miguu ikiwa ya baridi na mapigo dhaifu, dawa ya msuli itakaa pale pale ulipoiweka. Huyo mwite daktari kwanza, sindano baadaye.

Uliza maswali manne ukiwa bado hujavaa glavu: kuna dawa iliyowahi kumdhuru? Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini? Anatokwa damu puani au kwenye fizi? Na jana walimchoma upande gani? Jibu la pili au la tatu likiwa ndiyo, simama, zungumza na daktari kabla ya kuchoma chochote kwenye msuli.

Mkono kwanza

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, nimekuletea sindano ya maumivu. Naomba kwanza nishike paja na nyonga, nitafute penye nyama."

"Nyama imekwisha, mwanangu. Wewe tafuta tu."

Tafuta kweli. Laza kiganja juu ya paja, upande wa nje, kisha kusanya kwa dole gumba na vidole. Mwambie babu akaze goti, kana kwamba anasukuma kitanda kwa kisigino. Msuli unakuwa mgumu na kutuna ndani ya mkono wako. Ngozi haifanyi hivyo. Ukikusanya halafu vidole vyako vikakutana na kati yake kuna ngozi tupu, hapo si mahali pa sindano, hata kama kitabu kinasema ndipo.

Shika pande zote mbili. Mtu aliyelalia ubavu mmoja kwa wiki nyingi, au aliyepooza upande mmoja, pande zake hazilingani. Ruka penye kidonda cha mgandamizo, penye ugumu kama kokwa, penye joto, na penye kovu.

Na usidanganywe na uvimbe. Mgonjwa wa figo, au mtoto mwenye utapiamlo wa kuvimba, anaonekana mnene mguuni. Bonyeza kwa dole gumba, uhesabu hadi tano, uachie. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Chini ya maji hayo msuli ni mwembamba vilevile, dawa haitanyonywa vizuri, na uzito uliosoma kwenye mizani una maji ndani yake. Tafuta mahali pasipovimba.

Nyonga ya ubavuni, mahali pa kuzoea

Kama utabadilisha jambo moja tu baada ya kusoma hapa, libadilishe hili. Kwa mtu mzima aliyekonda, hamisha sindano kutoka tako la nyuma kwenda nyonga ya ubavuni. Hapo hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa wa damu. Msuli wake hubaki na unene kiasi hata mtu akikonda.

Mlaze ubavu, magoti yakunjwe kidogo ili msuli ulegee. Kama unachoma nyonga ya kushoto, pima kwa mkono wako wa kulia. Nyonga ya kulia, mkono wa kushoto. Weka kitako cha kiganja juu ya kile kifundo kigumu cha mfupa wa paja kinachojitokeza ubavuni. Dole gumba lielekee kinena. Kidole cha shahada kiguse ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, pale mkanda wa suruali unapokwaa. Sasa panua kidole cha kati kirudi nyuma, kifuate ukingo wa juu wa mfupa huo. Vidole viwili vimefanya herufi V. Katikati ya V ndipo.

Bonyeza kwa ukucha uache alama, kisha ondoa mkono. Usichome huku vidole vyako vimezunguka sindano.

Hapa wembamba wa mgonjwa unakusaidia. Kwa mtu mnene unahangaika kutafuta mifupa hiyo. Kwa babu wa kitanda cha nne unaiona hata kabla hujashika. Fanya mazoezi nyumbani kwa mdogo wako au mwenzako, bila sindano, mara kumi hivi. Ya kumi na moja mkono utakwenda wenyewe.

Paja, bega, na lile tako

Paja ni chaguo zuri la pili, na kwa mtoto mdogo ni la kwanza. Pima upana wa kiganja kimoja chini ya kifundo cha nyonga, na upana wa kiganja kimoja juu ya goti. Eneo linalobaki katikati, upande wa nje, ndilo lako. Usiende ndani ya paja, huko kuna mishipa mikubwa ya damu na neva.

Bega la mtu mwembamba ni dogo sana. Litunzie chanjo na dawa isiyozidi mililita 1. Mvue shati kabisa. Ukivuta mkono wa shati kwenda juu, jicho linahama na unaishia kuchoma ama juu mno, kwenye kiungo cha bega, ama chini mno, kwenye neva. Tafuta ncha ya mfupa wa bega, shuka vidole viwili hadi vitatu, na usivuke usawa wa kwapa.

Tako la nyuma liwe la mwisho. Neva ya siatiki inapita pale, na nyama ikiisha hakuna kinachoikinga. Nchini Uganda, watoto waliochomwa kwinini matakoni wamebaki na miguu iliyopooza, na wengine misuli ya matako ikakakamaa hadi wakahitaji upasuaji. Mtoto wa namna hiyo ukimwona anakuja barabarani unamtambua kwa mbali. Anainua goti juu kuliko wenzake, halafu wayo unadondoka chini kwa kishindo. Kiatu cha mguu ule kimelika mbele, kwenye ncha, kwa kukwaruza ardhi.

Ukilazimika kutumia tako, mlaze kifudifudi na vidole vya miguu vielekee ndani, msuli ulegee. Usimchome amesimama ameegemea meza huku ameshusha suruali kidogo. Akisimama msuli umekaza, akishtuka anaweza kuanguka, na wewe unaona nusu tu ya mahali unapochoma.

Sindano iliyokuja na bomba si lazima iwe yako

Bomba la mililita 5 mara nyingi huja na sindano ya kijani, geji 21, urefu wa milimita 38. Kwa mtu mwenye mwili ni sawa. Kwa mgonjwa wetu ni ndefu mno, inapita msuli na kugonga mfupa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimchoma hivyo mama mmoja aliyekuwa na saratani, begani. Hakupiga kelele. Alivuta pumzi, akanishika kifundo cha mkono, akafumba macho. Nilisikia ncha ikigonga kama imegusa kigae. Sindano ile nilikuwa sikuichagua. Ndiyo iliyokuwa kwenye trei.

Chagua. Kwa mtu mzima mwembamba, paja na nyonga, chukua sindano ya milimita 25. Dawa nyepesi itapita kwenye ile ya bluu, geji 23. Dawa nzito itahitaji geji 21, nayo tafuta iliyo fupi. Kwa chanjo begani, kwa mtu aliye chini ya kilo 60, ya milimita 16 inaweza kutosha.

Hakuna nyingine zaidi ya ile ndefu? Usiizamishe yote. Acha sehemu yake nje, ukipima kwa unene wa msuli uliokusanya mkononi, na ishikilie imara isisogee wakati unasukuma dawa.

Vutia dawa kwa sindano moja, chomea kwa nyingine. Ile iliyopita kwenye mpira wa kichupa imepungua makali, na nje yake ina matone ya dawa yanayochoma ngozi.

Kukusanya au kutandaza?

Swali hili linawachanganya hata wazoefu. Jibu linategemea urefu wa sindano uliyoshika.

Ukiwa na sindano fupi ya milimita 16 begani, tandaza ngozi kwa vidole viwili iwe bapa. Ukiikusanya, unaongeza unene wa ngozi na dawa inaishia juu ya msuli.

Ukiwa na ya milimita 25 kwenye paja au bega lisilo na nyama, kusanya msuli, uuinue utoke kwenye mfupa. Unapata unene wa kutosha kupokea sindano. Lakini angalia kidole chako. Paja la mtu aliyekonda ni jembamba kiasi kwamba sindano inaweza kupita kutoka upande huu na kutokea upande wa pili, ulipo mkono wako. Shika kwa mapana, vidole vikae mbali na njia ya sindano.

Kwenye nyonga, vuta ngozi pembeni. Iburuze sentimita 2 au 3 kwa ukingo wa mkono usioshika bomba, ishikilie, choma, sukuma dawa, subiri sekunde 10, toa sindano, ndipo uachie ngozi. Ngozi inarudi mahali pake na kufunga njia, dawa haivuji. Ngozi ya mtu aliyekonda imelegea, inavutika bila shida, kwa hiyo mbinu hii inamfaa kuliko mtu mwingine yeyote.

Kabla ya yote hayo, safisha mikono, pangusa ngozi kwa spiriti kwa sekunde 30, na iache ikauke yenyewe. Usipulize. Spiriti ikiwa bado mbichi inaingia na sindano, na mgonjwa anahisi moto.

Choma kwa nyuzi 90, kwa haraka. Sukuma dawa polepole: sekunde 10 kwa kila mililita. Hesabu kimoyomoyo, kwa sababu ukiwa na foleni sekunde 10 zako huwa 3.

Je, uvute bomba kuangalia damu? Kwa chanjo, hapana, si lazima tena. Kwa tako la nyuma, na kwa benzathini popote pale, vuta na usubiri sekunde 5 hadi 10. Ukiona damu, toa, tupa bomba pamoja na dawa yake, andaa dozi mpya.

Ukigusa mfupa kidogo, rudisha sindano nyuma milimita chache, kisha endelea. Ukigonga kwa nguvu, toa kabisa. Ncha inaweza kuwa imepinda kama ndoana. Badilisha sindano, tafuta mahali pengine, na mwombe mgonjwa radhi.

Mgonjwa akisema amehisi kama shoti ya umeme inashuka mguuni, simama hapo hapo. Usimalize dozi. Toa sindano, mwambie daktari, andika.

Kiasi kidogo, mahali zaidi

Kwa mtu aliyekonda, najitahidi nisipite mililita 2 mahali pamoja kwenye paja au nyonga. Mililita 3 ndiyo ukomo wangu. Dawa ikizidi, naigawa. Diklofenaki ya babu ni mililita 3: mililita 1 na nusu nyonga hii, 1 na nusu nyonga ile. Mwambie mapema kwamba ni mara mbili na kwa nini. Wengi wanakubali wakielezwa, wanachochukia ni kushtukizwa.

Tuseme una mgonjwa wa malaria kali, mtu mzima wa kilo 42, na mshipa umeshindikana. Atesuneti kwa mwenye kilo 20 na zaidi ni miligramu 2.4 kwa kilo. Zidisha: ni kama miligramu 101. Vile vichupa vya miligramu 60 vinavyokuja na bikaboneti, kwa njia ya msuli unaongeza mililita 2 za maji ya chumvi baada ya mililita 1 ya bikaboneti, unapata miligramu 20 katika kila mililita. Anahitaji mililita 5. Mahali pamoja kwenye paja lile? Hapana. Gawa mililita 2.5 paja la kulia, 2.5 la kushoto, upande wa mbele. Itumie ndani ya saa moja baada ya kuchanganya. Na soma karatasi iliyo ndani ya boksi kila mara, kwa sababu vichupa vya kampuni nyingine huchanganywa tofauti.

Benzathini ya uniti milioni 2.4 kwa mjamzito mwenye kaswende ni nzito kama maziwa yaliyoganda. Changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, tikisa vizuri, vuta, na mchome bila kuchelewa. Ikikaa inaganda na kuziba. Gawa nusu kwa nusu pande mbili, tumia geji 21, na sukuma kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukisita katikati, sindano inaziba na mama anachomwa tena. Adrenalini iwe karibu, na mama asiondoke kabla ya nusu saa.

Magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba ni mtihani mkubwa zaidi. Dozi ya kwanza ya msuli ni gramu 5 kila tako, na kwa dawa ya asilimia 50 hizo ni mililita 10 kila upande, kabla hujaongeza lignokeini. Kwa mama aliyekonda, muulize daktari mapema kama dozi za kuendelea zinaweza kupita kwenye mshipa, pale penye watu wa kumwangalia. Lakini usicheleweshe dozi ya kwanza kwa ajili ya majadiliano hayo. Degedege halisubiri. Kama njia ni msuli tu, choma kwa kina, robo ya juu ya nje, polepole, na kwa dozi za kuendelea badilisha upande kila baada ya saa 4.

Mtoto mwenye utapiamlo

Huyu nampa nafasi yake, kwa sababu anachomwa siku nyingi mfululizo na hana pa kukimbilia.

Mtoto wa kilo 5 mwenye utapiamlo mkali, aliyelazwa na kuandikiwa gentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku, anahitaji miligramu 37.5. Dawa ya miligramu 40 kwa mililita, hiyo ni kama mililita 0.9. Tumia bomba la mililita 1 lenye mistari midogo. Bomba la mililita 5 halikuonyeshi vizuri tofauti kati ya 0.9 na 1.2, na kwa figo za mtoto yule tofauti hiyo si ndogo.

Paja tu. Tako usiguse. Leo la kulia, kesho la kushoto, hivyo hivyo hadi siku ya saba. Mkalishe mapajani kwa mama, mguu mmoja mama aubane katikati ya mapaja yake, mkono wa mtoto uwe chini ya kwapa la mama. Wewe kusanya ule msuli mdogo, choma, maliza, kisha mama amnyonyeshe au ambembeleze papo hapo. Usimwambie mtoto "haiumi". Mwambie mama wakati wa kuimba ni sasa.

Mtoto akiwa pia na ampisilini mara nne kwa siku, hesabu matundu: ni mengi kuliko paja lake linavyoweza kubeba. Ongea na daktari kuhusu kanula fupi ya muda, na iangaliwe mara kwa mara isilete maambukizi.

Ukishatoa sindano

Gandamiza kwa pamba kavu. Usisugue. Kwa aliyekonda shikilia dakika moja hadi mbili, hadi uone hakuna damu.

Usirudishe kifuniko. Sindano na bomba vyote viende kwenye sefti boksi, nayo iwe karibu na kitanda, si mwisho wa wodi. Ikijaa robo tatu, ifunge. Ukijichoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kumbuka, mgonjwa mwembamba ndiye anayekuweka karibu zaidi na hatari hiyo, kwa sababu vidole vyako viko pembeni mwa ncha.

Andika. "Sindano imetolewa" haimsaidii mwenzako wa zamu ya mchana. Andika dawa, kiasi, mahali na upande: "Nyonga kulia mililita 1.5, nyonga kushoto 1.5, sindano milimita 25." Mahali pakiwa na shida, andika pia: "Paja la kushoto gumu, lisitumike." Kwenye wodi yetu tulichora umbo la mtu nyuma ya chati, na kila anayechoma anaweka alama na tarehe. Ilituchukua kalamu moja, na ugomvi wa "jana mlichoma wapi?" ukaisha.

Rudi baada ya nusu saa. Rudi tena kesho. Shika mahali pale: pana joto? Pamevimba? Panauma zaidi ya jana? Kisha mwambie mgonjwa avute wayo kuelekea kwake, vidole vya mguu viangalie dari. Akishindwa, au akisema mguu una ganzi, usiseme itapita. Mwite daktari siku hiyo hiyo, na mtaalamu wa viungo aanze naye mapema.

Babu wa kitanda cha nne? Mpigie daktari wake kwanza. Kama anameza uji, huenda leo hahitaji sindano kabisa.

Na fomu ya kuagiza vifaa ikipita mezani kwako mwezi huu, usimwachie in-chaji aijaze peke yake. Mkumbushe aongeze mstari mmoja: sindano za milimita 25, geji 21 na geji 23.